Harufu ya Majitaka ya Machinjio na Viwanda vya Nyama: Chanzo Chake na Wajibu wa Kila Mmoja

Matini ya mada kwa wadau wa huduma za jamii, wilaya za Kibaha na Kisarawe



Jambo linalowekwa mbele yenu leo halionekani kwa macho, lakini likipita hakuna anayeweza kulikana. Harufu ya majitaka ya machinjio huingia nyumbani bila kubisha hodi. Humkuta mama akiandaa chakula cha jioni, mwanafunzi akisoma, mgonjwa akiwa kitandani. Anayeishi karibu nayo hufunga madirisha usiku wa joto, na mgeni wake huondoka kabla ya chai. Ni kero ya kweli, wala haifai kuitwa deko.

Upande wa pili wa shilingi nao ni wa kweli. Mifugo inayoletwa mnada wa Pugu hutoka mbali, katika mikoa ya Dodoma, Singida, Shinyanga na kwingineko. Nyuma ya kila ng'ombe anayechinjwa yupo mfugaji anayesubiri fedha za ada na matibabu, yupo dereva, mchinjaji, mwenye bucha na muuza supu. Mkoa wa Pwani umejipambanua kuwa mkoa wa viwanda, na usindikaji wa nyama ni sehemu ya safari hiyo. Kufunga kila mahali panaponuka si jibu, na kuwaambia majirani wazoee si jibu pia. Jibu liko katikati, nalo linaanza kwa kuelewa harufu hiyo inatoka wapi.

Maji ya Kibaha, maji ya Kisarawe

Kabla ya kuzungumzia pua, ni vyema kukumbuka mito. Mto Ruvu ndio tegemeo kuu la maji ya bomba kwa Jiji la Dar es Salaam na kwa sehemu kubwa ya Pwani. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, wilayani Kibaha. Mradi wa maji wa Kibamba hadi Kisarawe, uliozinduliwa mwaka 2020, ulifikisha maji ya mto huohuo kwa wakazi wa mji wa Kisarawe waliokuwa wakihangaika kwa miaka mingi. Kwa hiyo tone linalochafuliwa katika bonde la Ruvu ni tone la watu wa wilaya zote mbili, na la jirani zao wa Dar es Salaam.

Upande wa Kisarawe, katika vilima vya Pugu, ndiko unakoanzia Mto Msimbazi. Ukitoka huko ukiwa kijito kidogo, mto huo hukatiza maeneo ya Ilala, hupita jirani na Vingunguti, na kuishia Bahari ya Hindi. Vingunguti ni fundisho lililo karibu. Kwa miaka mingi machinjio ya zamani ya eneo hilo, pamoja na viwanda na makazi yaliyosongamana, yalitajwa miongoni mwa vyanzo vya uchafuzi wa Msimbazi. Mwaka 2019 ulianza ujenzi wa machinjio ya kisasa mahali hapo, Shirika la Nyumba la Taifa likiwa mjenzi. Funzo lake ni jepesi kulitamka na gumu kulitekeleza: machinjio yaliyowekwa pembezoni mwa mji hufikiwa na mji, na mfumo wa majitaka uliotosha siku ya kwanza hauwezi kutosha mji ukishafika. Kibaha na Kisarawe leo ziko katika hatua ambayo Vingunguti ilikuwa nayo zamani. Nyumba zinajongea kila mwaka.

Kwa nini majitaka ya nyama hunuka

Majitaka ya machinjio yana mambo manne: damu, mafuta, vipande vya nyama na nywele, na mabaki ya malisho yaliyomo tumboni mwa mnyama. Vyote hivyo ni chakula cha bakteria. Bakteria wakila huku wakipata hewa ya oksijeni, kazi yao haina harufu kubwa. Oksijeni ikiisha, kazi huchukuliwa na kundi jingine la bakteria wasiohitaji hewa, na hao ndio hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai bovu, amonia inayochoma pua, na gesi nyingine zinazonuka kama mzoga au kabichi iliyooza.

Wataalamu hupima ukali wa majitaka kwa kiasi cha oksijeni kinachohitajika ili uchafu wake uliwe na bakteria. Majitaka ya kawaida ya nyumbani huhitaji miligramu 200 hadi 400 kwa kila lita. Majitaka ya machinjio mara nyingi huhitaji kati ya miligramu 1,000 na 4,000. Damu pekee, ikiwa haijachanganywa na maji, huhitaji zaidi ya miligramu 150,000 kwa lita.

Hesabu ifuatayo inastahili kubaki kichwani. Ng'ombe mmoja akichinjwa hutoa lita 10 za damu, au zaidi. Lita hizo 10 huhitaji gramu zipatazo 1,500 za oksijeni. Uchafu wa mtu mmoja kwa siku huhitaji takriban gramu 40. Maana yake ni kwamba damu ya ng'ombe mmoja iliyoachwa iende mferejini ina uzito sawa na majitaka ya siku nzima ya watu wapatao 40. Machinjio yanayochinja ng'ombe 50 kwa usiku na kuacha damu yote itiririke yanaweka katika mfereji wake mzigo wa kijiji cha watu 2,000. Hakuna bwawa dogo la nyuma ya uzio litakaloweza kuubeba.

Kazi huanza ndani, kabla ya maji kufika bwawani

Kwa sababu hiyo, dawa ya kwanza ya harufu haipatikani dukani. Inapatikana kwenye sakafu ya kuchinjia.

Damu ikingwe katika mfereji wake na tangi lake, isichanganywe na maji ya kuoshea. Ikikingwa safi na kukaushwa inaweza kuwa malighafi ya mbolea, au ya chakula cha mifugo kwa utaratibu unaoruhusiwa na wataalamu. Mabaki ya tumboni yatolewe yakiwa makavu, kwa koleo na toroli, yapelekwe kwenye shimo la mboji yakichanganywa na majani makavu au maranda. Kuyasukuma kwa mpira wa maji huonekana ni usafi, lakini ni kuhamisha taka kutoka mahali zinapoonekana hadi mahali zitakapooza. Sakafu ifagiliwe kwanza, ndipo ioshwe.

Baada ya hapo maji yapite kwenye wavu wa kukamata vipande, kisha kwenye karo la kutega mafuta. Karo hilo likijaa huacha kazi, na mafuta yaliyoganda huoza yakiwa hapohapo. Kusafisha wavu kila siku na karo la mafuta kwa ratiba ni kazi ya mtu mmoja mwenye ndoo, glovu na msimamizi anayekagua. Katika maeneo mengi malalamiko ya harufu huanzia hapa, kwenye karo lililosahauliwa, kabla hata ya bwawa kufikiriwa.

Uchinjaji mwingi hufanyika usiku wa manane hadi alfajiri, hivyo maji huja kwa mkupuo. Tangi la kusawazisha husaidia kuyatoa kidogo kidogo kwa saa zote za siku. Lakini tangi hilo lisigeuzwe ghala. Maji ya damu yakilala ndani yake zaidi ya siku bila kupigwa hewa huanza kuoza, na mfuniko ukifunguliwa mtaa mzima hupata habari.

Mabwawa: ukubwa wake na afya yake

Katika nchi ya joto kama yetu, mabwawa ni njia inayofaa, isiyohitaji umeme mwingi. Kwa kawaida huwa matatu au zaidi. La kwanza ni refu kwenda chini, mita 2 hadi 5, nalo hufanya kazi bila hewa. La pili lina kina cha mita 1 hadi 2, na mwani wa kijani hulipatia oksijeni kwa msaada wa jua. La mwisho ni la kina kifupi, ambamo jua huua vimelea.

Bwawa la kwanza ndilo chanzo kikubwa cha harufu, na mara nyingi kosa lake ni moja: kubebeshwa kuliko uwezo. Chukueni mfano wa kiwanda kinachochinja ng'ombe 100 kwa siku na kutumia lita 1,000 za maji kwa kila mmoja. Hizo ni mita za ujazo 100 za majitaka. Yakiwa na ukali wa miligramu 2,000 kwa lita, mzigo wa siku ni kilo 200. Wataalamu wa mabwawa hushauri kwamba katika joto linalozidi nyuzi 25, mita moja ya ujazo isibebeshwe zaidi ya gramu 350 hivi kwa siku. Ukichagua gramu 300 kwa usalama, bwawa hilo linahitaji mita za ujazo zipatazo 670.

Sasa biashara inapanda. Soko la nje linafunguka, kiwanda kinachinja ng'ombe 200, na bwawa ni lilelile. Mzigo unafika gramu 600 kwa kila mita ya ujazo. Harufu inaanza, na watu wanauliza ni dawa gani imwagwe. Tatizo hilo halihitaji dawa, linahitaji bwawa la pili au uchafu mdogo zaidi unaotoka ndani. Ndiyo maana kila upanuzi wa uzalishaji unapaswa kuanza na hesabu ya majitaka, na kiwanda kinachobadilisha uwezo wake kirudi kwa mamlaka za mazingira kabla ya kununua mashine.

Bwawa lina dalili zake, na hata asiye mtaalamu anaweza kuzisoma. Bwawa la pili lenye rangi ya kijani lina afya. Likigeuka kuwa na rangi ya waridi au zambarau, limeelemewa na salfaidi imejaa. Likiwa jeusi lenye mapovu, limekufa kwa kukosa hewa. Utando mzito unaofunika bwawa la kwanza usivunjwe kwa haraka, kwa kuwa hukaa kama kifuniko na kupunguza gesi inayotoka. Tope la chini nalo liondolewe linapofika takriban theluthi moja ya bwawa. Bwawa lililojaa tope ni bwawa dogo lenye sura ya bwawa kubwa.

Wapo wanaotumia chokaa. Chokaa hupandisha alkali ya maji, na ni kweli kwamba pH ikiwa 7 karibu nusu ya salfaidi iko katika hali ya gesi inayoweza kutoroka, wakati pH ikiwa 8 ni sehemu moja hivi kati ya kumi. Lakini chokaa ikizidi huwaumiza bakteria wanaosafisha maji, na amonia huanza kupanda. Itumike kwa vipimo, kwa muda, na isiwe mbadala wa ukarabati. Vivyo hivyo dawa za kuulia vijidudu: klorini nyingi ya kuoshea sakafu ikiingia bwawani siku moja inaweza kuua kazi ya miezi mingi.

Kiwanda chenye uwezo kinaweza kulifunika bwawa la kwanza kwa turubai maalumu na kuvuna baiogesi ya kuchemshia maji. Hewa ya vyumba vinavyonuka inaweza kupitishwa kwenye tabaka la mboji na vipande vya miti vilivyotunzwa na unyevu, ambamo bakteria huila harufu kabla haijatoka. Mbinu hizi zinajulikana, na zinafanya kazi zikitunzwa. Kinachopaswa kukataliwa ni kunyunyizia manukato. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Gesi inayoua

Hapa ndugu wafanyakazi wa machinjio wasikilize kwa makini. Haidrojeni salfaidi hunusika hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni ya hewa. Ikifika sehemu 100 kwa milioni, huipooza pua kwa dakika chache, na mtu hudhani harufu imekwisha. Ikifika mamia kadhaa huua. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia ndani ya makaro, mashimo na matangi.

Simulizi za vifo vya namna hii zinafanana duniani kote: mmoja anashuka kuzibua karo, anaanguka, wa pili anashuka kumwokoa, naye haponi. Asishuke mtu yeyote ndani ya karo au tangi la majitaka bila hewa kupimwa na kupulizwa, bila kufungwa kamba, na bila mwenzake aliye juu mwenye vifaa vya kumvuta. Harufu kupotea ghafla ndani ya shimo ni dalili ya kukimbia. Kibarua anayelipwa kwa siku ana haki ileile ya kurudi nyumbani aliyo nayo meneja.

Upepo, umbali na mpango wa ardhi

Watu wa Pwani wanazijua pepo zao. Kaskazi ikivuma, harufu huelekea kusini-magharibi. Kusi ikivuma, huelekea upande wa kaskazini. Kwa hiyo mtaa unaolalamika mwezi wa Januari unaweza usiwe ule unaolalamika Julai, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Usiku upepo ukitulia, gesi hutambaa katika mabonde, ndiyo sababu malalamiko huwa mengi jioni na alfajiri. Afisa anayekwenda kukagua saa sita mchana, jua likiwa kali na upepo ukivuma, anaweza kurudi akiandika kuwa hakunusa kitu. Ukaguzi wa harufu ufanyike saa ambazo watu wanaumia.

Kuhusu umbali, ushauri wa kitaalamu ni mabwawa kukaa angalau mita 200 kutoka kwenye makazi, na ikiwezekana mita 500. Hapa lawama hazimwendei mwenye kiwanda peke yake. Ikiwa kiwanda kilijengwa porini na viwanja vikauzwa hadi ukutani mwake, aliyeuza na aliyeidhinisha wana sehemu yao. Eneo la wazi linalozunguka machinjio lina kazi, hata kama linaonekana tupu. Lipandwe miti, lilindwe, na lisigawiwe.

Sheria na wajibu

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 4, inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayoachiwa yawe na mahitaji ya oksijeni yasiyozidi miligramu 30 kwa lita. Kwa kiwanda cha mfano uliotajwa, kushuka kutoka 2,000 hadi 30 ni kuondoa zaidi ya sehemu 98 katika kila 100. Hilo haliwezekani kwa shimo moja. NEMC husimamia tathmini na ukaguzi wa mazingira, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu husimamia kinachoingia mtoni, na Bodi ya Nyama Tanzania ina sauti katika tasnia yenyewe.

Halmashauri nazo zina wajibu wa kusimamia mazingira katika maeneo yao, na ni haki kusema wazi kwamba wajibu huo unaanzia nyumbani. Machinjio na makaro mengi ya kuchinjia nchini ni mali za halmashauri zenyewe. Mamlaka inayokusanya ushuru wa kila ng'ombe na kuacha damu yake iende mferejini haiwezi kumwandikia faini mwenye kiwanda kwa moyo mkunjufu. Sehemu ya ushuru wa machinjio irudi kwenye machinjio, kwa ajili ya wavu, matangi ya damu na uondoaji wa tope.

Nini kifanyike kuanzia sasa

Kila ofisi ya mtaa au kijiji kilicho karibu na machinjio iwe na daftari la harufu. Mwananchi akilalamika, yaandikwe mambo manne: saa, mahali, upepo ulikotoka, na harufu ilivyokuwa, kama ni ya yai bovu, ya kuchoma pua, au ya mzoga. Kiwanda nacho kiwe na daftari lake: idadi ya wanyama waliochinjwa, karo liliposafishwa, pampu ilipoharibika. Kila mwezi kamati ya mazingira ya kijiji au mtaa, afisa mazingira na msimamizi wa kiwanda waketi na madaftari yote mawili. Harufu ya mzoga ikifuata siku ambazo mabaki hayakuchukuliwa, ugomvi umekwisha na kazi imejulikana. Harufu ya yai bovu ikipanda kila idadi ya mifugo inapoongezeka, bwawa limejitetea lenyewe.

Mwenye kiwanda asimwone mlalamikaji kuwa adui. Jirani anayepiga simu saa kumi alfajiri kusema kuna harufu amefanya kazi ya kipimo ambacho kingenunuliwa kwa fedha nyingi. Naye mwananchi asichoke kwa sababu jibu la kwanza halikuridhisha; aandike, aeleze, afuatilie hadi ngazi ya kata, halmashauri na NEMC.

Waheshimiwa na ndugu wananchi, ng'ombe wataendelea kuja, na nyama itaendelea kuliwa Kibaha, Kisarawe na ng'ambo. Linaloamuliwa sasa ni iwapo mtoto anayezaliwa leo karibu na machinjio atakua akifungua dirisha lake usiku, na iwapo maji atakayokunywa kutoka Ruvu yatakuwa yametunzwa na wale walioishi kandokando ya mto kabla yake. Masika ijayo ikikuta makaro yamesafishwa, tope limeondolewa na madaftari yamefunguliwa, kazi itakuwa imeanza.